Kirungu cha Taya

Owuor alifika kibandani asubuhi hiyo amenuna, na Masinde alipomsalimia alijibiwa kwa kichwa tu. Chanzo cha yote kilikuwa mfupa. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliyewahi kubishana na makarani wa reli mpaka wakamsikiliza, alikuwa anashindwa na mfupa wa mnyama aliyekufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Kulala hakulala vizuri, na chai ya asubuhi ilikuwa haina ladha.

Mfupa wenyewe ulikuwa juu ya meza ya mbao, ndani ya kibanda cha mabati kilichojengwa chini ya machimbo ya udongo mweupe, upande wa Elmenteita. Ulikuwa taya. Hilo halikuwa na ubishi, maana magego yalikuwa yamejipanga humo, kila moja kubwa kama ngumi. Upande wa mbele taya lilijikunja, na kwenye mkunjo huo ilichomoza pembe, pembe hasa kama ya ndovu, nene kuliko mkono wa mtu. Upande wa nyuma lilitoa tawi pana la mfupa, na mwisho wa tawi hilo kulikuwa na kirungu, kinundu cha mviringo kilicholainika kama kokoto ya mtoni.

Swali lilikuwa moja: ni taya la juu au la chini?

Aliyeuliza ni Memsabu Thornley, mjane wa Kizungu aliyeacha ng'ombe wake wa maziwa wasimamiwe na mnyapara ili yeye achimbe mifupa. Alikuwa mama mkali lakini si mwonevu, na vitabu vyake vilijaa chumba kizima. Siku alipoondoka kwenda Nairobi aliligonga taya kwa kidole akasema, "Mimi iko na mawazo yangu, lakini sitasema. Wewe angalia, Owuor. Weka pamoja na ile kipande ingine. Nikirudi utaniambia ni ya juu ama ya chini, na kwa nini. Ukijua, jina yako itaandikwa kwa kibandiko, na itaenda makumbusho."

Hapo ndipo alipomtia moto. Vibandiko vyote vya mifupa iliyotoka machimboni viliandikwa namba na jina la Memsabu. Baba yake Owuor alikuwa amebeba mataruma ya reli toka Nakuru kupanda Mau akiwa kijana, akarudi na bega moja lililoshuka, na treni ilipita kila siku bila kumtaja. Mzee aliishi sasa kwenye nyumba za reli Nakuru na mwanawe mwingine, akihesabu mabehewa kwa sauti ya magurudumu. Owuor alikuwa amekwisha kumwambia, tena mbele ya wageni, kwamba siku moja atampeleka Nairobi aone jina la ukoo wao limeandikwa kwa wino na kufungwa kwenye mfupa ambao hata Wazungu wanauinamia. Alisema kabla hajajua jibu. Ndiyo tabia yake, na mkewe alikuwa amekwisha kuizoea.

Sasa, si kwamba hawakufundishwa. Memsabu aliwafundisha kwa taya la mbuzi, baada ya nyama kuliwa na meno ya mbele kung'oka. Taya la chini, alisema, usilitambue kwa ukubwa, litambue kwa alama zake. Lina tundu dogo ubavuni karibu na kidevu, mshipa hupita hapo. Lina tawi linalopanda nyuma ya magego. Na mwisho wa tawi lina kirungu, ambacho hukaa kwenye kishimo cha fuvu mbele ya sikio, kama bawaba ya mlango. Aliwaamuru waweke vidole mbele ya masikio yao na kufungua midomo, na wanaume wazima walisimama pale wakiachama kama vifaranga, wakasikia kirungu kikicheza chini ya ngozi.

Kwa hiyo Owuor alipolitazama taya hili aliliona tundu. Aliliona tawi. Kirungu kilikuwa kinamtazama. Alama zote tatu zilisema chini. Lakini huku mbele kulikuwa na ile pembe, na pembe ilisema juu, tena kwa sauti kubwa.

"Ndovu ana pembe wapi?" alimwuliza Masinde kwa mara nyingine tena.

"Juu," alisema Masinde, bila kuacha kupepeta mchanga. "Hata lile fuvu la barazani kwa Memsabu, pembe ni juu. Chini mbele hakuna kitu. Iko tupu kama sahani."

"Na mtu?"

Masinde alicheka, akamwita ndugu kwa lugha ya kwao Owuor. "Mtu gani? Wewe ama mimi? Omera, sisi pia chini mbele ni tupu."

Ni kweli. Zamani fundi wa plasta hapo alikuwa Mburu, mtu wa misheni, mwenye meno kamili na kicheko cha kuyaonyesha. Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ilipopamba moto, askari walikuja na lori wakawachukua Wakikuyu wote wa shamba lile, na Mburu alipanda na brashi yake mfukoni. Hakuna aliyejua alipelekwa wapi. Waliobaki ni Owuor, ambaye aling'olewa meno sita ya mbele ya chini alipokuwa kijana kama desturi ya Wajaluo ilivyotaka. Masinde, Mbukusu wa Kimilili, aliyeng'olewa mawili. Na Kimaiyo mlinzi, ambaye kwao Wakipsigis nako waling'oa mawili ya katikati. Kibanda kizima kilikuwa na mapengo ya chini, na hakuna aliyeona kwamba hilo lilikuwa na maana yoyote.

"Basi ni la juu," alisema Owuor.

"Na kirungu?"

"Usiniulize kirungu."

Lakini alijiuliza mwenyewe, na ndicho kilichomkosesha usingizi. Walikuwa wameligeuza taya ili pembe itazame juu kama pembe yenye adabu. Likigeuzwa hivyo magego yalitazama chini, sawa kabisa na taya la juu. Kile kipande kingine, kifupi, chenye magego bila pembe, Owuor alikiita la chini, akakilaza mezani magego yakitazama juu. Kazi iliyobaki ilikuwa kushusha hili juu ya lile, magego yaumane, na mambo yaishe.

Hayakuumana. Kila waliposhusha, wakiinua pamoja na kuhema, tawi la nyuma liliteremka na kile kirungu kikagonga mgongo wa kipande cha pili, na magego yakabaki yameachana, mkono mzima ungepita kati. Walisogeza mbele. Walisogeza nyuma. Walitia vigunia chini, wakatoa vigunia. Masinde alipendekeza waliinamishe kidogo, wakaliinamisha, likateleza na nusura limvunje vidole.

"Huyu mnyama hakuwa anakula?" Masinde aliuliza, akinyonya kidole. "Na midomo wazi hivi, inzi walikuwa wanaingia tu."

Owuor hakucheka. Alikuwa amechoka kuchekeshwa. Alimchukia yule mnyama, akamchukia Memsabu aliyejua jibu na kulikalia kama kuku, akakichukia kibanda chenye joto la mabati, na zaidi ya vyote alikichukia kirungu. Kisingekuwapo kirungu, kila kitu kingekaa mahali pake.

Basi wazo likamjia, na lilimjia likiwa limevaa nguo nzuri. Mifupa hutoka ardhini ikiwa imegandiwa na mawe. Kazi yake ya kila siku ni kuyatoa mawe hayo kwa patasi na tupa. Nani alisema kinundu hiki ni mfupa? Kilikuwa kimekaa mwishoni kabisa, mviringo, laini mno. Huenda lilikuwa jiwe lililoganda hapo kwa miaka yote ile. Na lile tundu la ubavuni je? Mzizi wa mti ulipita. Mambo mangapi hupita ndani ya ardhi.

"Nipe tupa," alisema.

Masinde aliacha kupepeta. "Tupa ya nini?"

"Hili ni jiwe. Nalitoa."

"Una uhakika ni jiwe?"

"Masinde, fundi ni nani hapa?"

Masinde alimpa tupa kisha akatoka nje kumsaidia Kimaiyo kufunga kamba za turubai, ingawa kamba zilikuwa hazijalegea.

Owuor aliinama akaanza kusugua. Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba jiwe la machimbo hayo likisuguliwa hutoa unga mweupe kama wa ngano. Unga ulioanguka chini ya tupa ulikuwa wa kahawia. Aliuona. Mkono ulisita, na kwa muda mfupi alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuacha. Kisha akakumbuka magego yanayokataa kuumana, na baba yake ambaye alikwisha kuwaambia majirani, na hasira ikamrudia. Aliendelea, haraka zaidi, kama mtu anayetaka kumaliza kabla akili yake haijafika. Alipomaliza, mahali pa kirungu palikuwa na ubapa mkavu wa rangi mbili, na unga wa kahawia ulikuwa umemjaa kwenye mikunjo ya viganja.

Alimwita Masinde, wakashusha tena. Magego yalisogea karibu zaidi. Bado hayakuumana.

Owuor alikaa chini sakafuni, miguu mbele, akaliangalia taya. Alitaka kulipiga teke, na angelipiga kama lisingekuwa zito kuliko yeye.

Adhuhuri Akoth alikuja na chakula. Huyu alikuwa mkewe, binti wa mwinjilisti wa Alego aliyewakataza wazee wasiguse kinywa cha mtoto wake hata mmoja. Alipoolewa, mashemeji walimtania mwaka mzima: bibi arusi ana meno ya punda, atakuuma. Owuor naye alitania pamoja nao, na mpaka leo, wakigombana, hakukosa kumkumbusha. Akoth aliweka bakuli la nyoyo mbele ya wanaume, mahindi na maharage yaliyochemka pamoja, akajikalia kwenye boksi la plasta na hindi lake la kuchoma.

"Baba Achola, kwa nini hamli?"

"Kuleni ninyi," alisema Owuor.

"Mfupa umekukataa?"

"Mfupa haukatai mtu. Mfupa ni mfupa."

Akoth akala hindi lake. Owuor alikuwa anamwangalia bila kumwona, kama mtu mwenye mawazo anavyoangalia ukuta. Kisha akamwona. Mahindi ya kuchoma yeye Owuor huyapukuchua kwa kidole gumba na kuyatupia kinywani, maana hana cha kuyang'olea. Akoth alikuwa ameliegemeza hindi kwenye mdomo wa juu, na meno yake ya chini yalikuwa yanafukua, toka chini kwenda juu, safu baada ya safu, kama jembe linavyofukua viazi.

"Fungua mdomo," alisema Owuor.

"Ati nini?"

"Nifungulie mdomo, mama Achola. Tafadhali."

Neno hilo la mwisho lilimshangaza Akoth kuliko yote, akafungua. Masinde aligeukia ukutani kwa aibu. Owuor alisogea akamshika mkewe kidevu, akaangalia meno ya chini ya mbele yalivyosimama kwenye mfupa wake, imara, yameanzia kidevuni kabisa. Aliweka kidole mbele ya sikio la Akoth.

"Funga. Fungua tena."

"Umeugua?" Akoth aliuliza alipoachiliwa.

"Mimi nilisema taya la chini mbele huwa tupu."

"Nani alikwambia huwa tupu?" Sasa Akoth alikuwa anapangusa mdomo, na miaka ya utani wa mashemeji ikamtoka yote pamoja. "Mungu hakuwaumba na pengo. Mlilitoboa wenyewe, halafu mkasahau kama mlilitoboa. Mimi nikaitwa punda."

Owuor aliligeukia taya. Alisimama akamwita Masinde, na bila kueleza wakalibingirisha taya juu ya vigunia mpaka likakaa kama lilivyotaka kukaa tangu siku ya kwanza: magego juu, tawi limepanda nyuma, na ile pembe kubwa imeinamia ardhini. Ilikuwa sura ya ajabu. Hakuna ndovu wa leo anayebeba pembe chini ya kidevu zikitazama miguu yake. Lakini lilikuwa limetulia, halikuyumba, halikuhitaji kigunia. Wakainua kile kipande cha pili, wakakigeuza nacho, wakakishusha juu. Magego yaliumana kwa mlio mdogo. Nyuma, kwenye kipande cha juu, kulikuwa na kishimo laini ambacho Owuor alikuwa amekipiga brashi mara nyingi akijiuliza kilikuwa cha kazi gani.

Kishimo kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya tawi, kikisubiri kirungu.

"Omera," alisema Masinde kwa furaha, "tumepata. Ni ya chini. Tumepata."

"Hatujapata," alisema Owuor.

Aliingiza kidole kati ya kishimo na ubapa aliousugua. Kiliingia kwa urahisi, kikacheza. Bawaba ilikuwa haipo. Ilikuwa sakafuni, unga wa kahawia, na Kimaiyo alikuwa amekwisha kuukanyaga alipoingia kuchukua maji. Owuor alipiga magoti akaukusanya kwa brashi kwenye kiganja. Ulikuwa kiasi cha chumvi ya mboga. Alijua kabisa kwamba hauna kazi tena, na bado aliutia kwenye kikopo, kwa sababu kuufagia hakuweza. Akoth alimwona akifanya hivyo, akaacha kununa.

Gari la Memsabu lilipanda kilima jua likiwa bado kali. Aliingia kibandani na kofia yake, akaona taya limekaa vile lilivyokaa, akasimama mlangoni. Uso wake ulifunguka kama wa msichana.

"Ni ya nani, hii mawazo?"

"Ni yangu, Memsabu," alisema Owuor. "Ni taya la chini."

"Kwa nini?"

Alimweleza tundu, tawi, na kirungu, moja baada ya jingine, sauti ikiwa kavu kama ya mtoto anayesoma ubao. Memsabu aliitikia kila moja kwa kichwa. Alisema hata wataalamu wa Ulaya, zamani, walilipindua taya la mnyama wa namna hii juu chini kwa sababu ya pembe zake, na yeye alitaka kuona kama Owuor angeshinda mtego huo. Akatoa kibandiko kipya mfukoni, akaandika hapo hapo mezani kwa wino, na kumwonyesha. Taya la chini. Limetambuliwa na kuunganishwa na Owuor. Herufi zilikuwa nzuri, bado mbichi.

Kisha akazunguka nyuma kuona kirungu kilivyokaa kwenye kishimo, akatia kidole.

Kidole kilicheza. Alivaa miwani akainama. Alipoinuka, uso ulikuwa umefungwa.

"Hii ni tupa."

"Ndiyo, Memsabu."

"Nani?"

"Mimi. Nilisema ni jiwe. Niliona unga si wa jiwe. Nikaendelea."

Memsabu alitoka nje. Walimsikia akitembea kwenye changarawe, kwenda na kurudi. Owuor alingoja kufukuzwa, na kwa kweli angeona nafuu kufukuzwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kosa ni ya mimi pia. Nilikuachia mchezo, na mfupa si mchezo." Alikitazama kibandiko. "Nitaongeza: kirungu kimevunjika. Basi. Mifupa yote inavunjika. Huko Nairobi hakuna mtu atauliza."

Masinde alishusha pumzi. Akoth aliangalia chini. Mlango ulikuwa wazi, mpana, na Owuor aliuona. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Neno moja tu, kimevunjika, na baba yake angesimama mbele ya kioo cha makumbusho na lile bega lake, akasomewa sifa tupu. Lakini kidole chake kilikuwa bado kinakumbuka ile nafasi kati ya mfupa na mfupa. Siku moja angekuja mtu, pengine mtu wa mbali, akiuliza kirungu cha mnyama huyu kilikuwa na umbo gani, na angeambiwa ardhi ndiyo iliyokivunja. Ardhi ilikuwa imekitunza vizuri sana.

"Memsabu, naomba kalamu."

Alikuwa amejifunza kuandika kwa makarani wa reli, na herufi zake zilikuwa kubwa, zikiegemeana. Aligeuza kibandiko akaandika polepole upande wa nyuma, mpaka nafasi ikaisha. Memsabu alichukua akasoma kwa sauti, labda kwa kuwa hakuamini.

"Kirungu hakikuvunjika. Kilikuwa kizima. Kilisuguliwa kwa tupa na Owuor."

"Hiyo ndiyo," alisema Owuor.

"Jina yako itakuwa mara mbili."

"Ndiyo, Memsabu."

Memsabu alimrudishia kibandiko akifunge mwenyewe. Owuor alipitisha uzi kwenye pembe, akafunga fundo, akaongeza jingine. Alikuwa bado amekasirika. Alikuwa amepata kitu alichokitaka, na kilikuwa kimekuja na kingine nyuma yake, vimefungwa uzi mmoja.

Jioni, wakirudi nyumbani kwa njia ya ng'ombe, Akoth alimwuliza kama bado atampeleka mzee Nairobi.

"Nitampeleka," alisema Owuor.

"Hajui kusoma. Utamsomea ya mbele tu?"

Owuor alijipangusa mikono kwenye nguo. Mavumbi ya kahawia yalikuwa bado kwenye mikunjo ya viganja vyake, ingawa alikuwa amenawa.

"Wewe ndiye utamsomea," alisema. "Uanze mbele, halafu ugeuze."